Soketi kwenye siti, pawabenki au chaji ya nyumbani: ndege za bei chee ziweke umeme au zisiweke?

Nianze kwa kusema ukweli, mi nauza vifaa vya simu hapa Dodoma mjini, kimeza changu kipo mitaa ya Jamatini, kwaiyo kwenye hii ishu nina maslahi. Ndege ikikosa soketi nauza pawabenki, ndege ikiwa na soketi nauza waya. Hela inaingia kote kote, labda ndo maana naweza kuongea bila kupendelea upande, au basi najidanganya tu.

Wiki kadhaa nyuma kaja mama mmoja anauza vitenge na nguo za watoto soko la Majengo, anaenda Dubai kufuata mzigo, mara yake ya kwanza, na tiketi kakata ile ya bei chee isiyo na chakula wala begi la chini. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, nipe ile kubwa kabisa." Ananyooshea kidole pawabenki moja nimeiweka juu, nzito kama tofali, imeandikwa 50000 mAh, yani kipimo cha ujazo wa betri. Nikamwambia mama hiyo haipandi ndege, watakunyang'anya kwenye ukaguzi. Akaniangalia kama vile nimeiweka kwa ajili ya mtu mwingine. "Sasa mwanangu, masaa yote hayo angani simu si itazima, na namba ya mwenyeji wangu imo humo humo, nikishuka nifanyeje?"

Swali lake ndo hili watu wanabishana kila siku, kwamba haya mashirika ya bei chee yaweke umeme kwenye kila siti au waache abiria ajitegemee. Mi naona ubishi mwingi unaenda kombo kwa sababu watu hawaulizani kwanza safari ni ya saa ngapi. Mtu wa saa moja na mtu wa saa sita wanabishana kama vile wamepanda chombo kimoja.

Tuanze na cha kwetu, Dodoma kwenda Dar. Ndege ni saa moja na dakika kidogo. (Na bei yake hapa kwetu kuiita chee ni kujipa moyo, lakini tuendelee.) Mwaka juzi nilikata ya asubuhi, nawahi Kariakoo mtu kaniwekea katoni mbili za kava. Usiku nimechomeka simu nikalala zangu, saa saba units za Luku zikaisha, simu ikakaa kwenye waya mpaka asubuhi inachaji hewa. Naamka ina asilimia 9. Bajaji kutoka Nkuhungu mpaka uwanja wa ndege, nafika sehemu ya kusubiria nakuta tundu za ukutani zimeshikwa, ilikuwa kikao cha bunge kimetoka kuisha kwaiyo unaelewa, suti na laptopu kila kona. Ndege yenyewe ya pangaboi, kwenye siti hakuna pa kuchomeka chochote. Nikazima data, nikapunguza mwanga, nikaiweka mfukoni naiombea dua. Natua Dar inazima nikiwa bado kwenye ngazi.

Na hela yote iko kwenye simu. Mfukoni nina noti ya elfu mbili. Nikatembea mpaka barabarani nikakuta wakala, dada mmoja kajibanza chini ya mwavuli, ana ekstensheni imefungwa kwa selotepu, simu za watu kama sita zimelala kwenye boksi la viatu. "Chaji mia tano kaka, af huo waya wa bluu usiuguse, ukitikisika zote zinakata." Nikakaa juu ya ndoo karibu nusu saa sijatikisa hata mguu. Nilivyowasha nakuta missed call tano, katoni zangu kashapewa mtu wa Morogoro.

Sasa nikija kulinganisha kwa akili tulivu, je ile ndege ingekuwa na soketi ingeniokoa? Piga hesabu. Simu nyingi sasaivi betri ni 5000 mAh, ambayo ukigeuza kuwa wati-saa, zile zinazoandikwa Wh, ni kama 19. Tundu la USB la kawaida kwenye siti linatoa volti 5 kwa ampia 2 na kidogo, sawa na wati 10 hivi. Toa dakika za kuruka na za kutua ambazo mara nyingi mnaambiwa mchomoe, unabaki na dakika 40 za kuchaji. Hapo umeingiza wati-saa 6 au 7 na nyingine inapotea kwa joto, kwaiyo umepata robo betri, ukibahatika sana theluthi. Robo ingetosha kumpigia mtu wa Kariakoo, sikatai. Ila robo hiyo hiyo ningeipata pale kwenye kiti cha kusubiria kama tundu zingetosha, au zaidi ya hapo ningeipata bure kabisa kama ningeangalia mita ya Luku kabla ya kulala. Kosa lilikuwa langu, ndege ya watu haina hatia.

Kwaiyo kwa safari ya saa moja hadi mbili msimamo wangu ni kwamba shirika la bei chee lisiweke, na we abiria usilipe hata mia zaidi kwa ajili ya soketi. Mtu wa Dodoma ana njia nyingine mbili za kwenda Dar na zote zinakaa muda mrefu kuliko ndege, huko ndo soketi inaanza kuwa na maana. Treni ya SGR, ambayo ilianza kufika kwetu Julai 2024 nauli ya kawaida ikiwa 31,000, inatumia kama saa tatu na nusu mpaka nne na siti nilizokaa mimi zilikuwa na pa kuchomekea, ukitoka stesheni ya Mkonze na asilimia 20 unaingia Dar simu imejaa. Basi ndo refu zaidi, toka stendi ya Nanenane mpaka Mbezi unaweza kula saa saba nane, mengi sasaivi yana USB juu ya siti ila tundu lenyewe ni bahati nasibu, moja linachaji, la jirani taa inawaka tu haliingizi kitu, la nyuma mtu kashindilia karatasi ya pipi. Kwa mtu anayechagua usafiri kwa kigezo cha chaji peke yake, treni inashinda na wala si ushindani.

Haya, tuende upande wa mashirika maana nao wana hoja. Watu wengi wanadhani ndege haina umeme wa kutosha, sio kweli. Chukua Boeing 737-800, hii Ryanair ya Ireland wanaipanga siti 189. Kila injini ina jenereta ya kVA 90 (kVA we ichukulie kama kilowati tu), na ziko mbili. Ukiwapa watu wote 189 wati 60 kila mmoja, umeme wa kuchajia laptopu, unapata kama kilowati 11. Ni kama majiko sita ya umeme ya sahani mbili yamewashwa mpaka mwisho. Ni mzigo, mafuta unakula, ila ndege haizimiki kwa sababu ya simu zenu.

Gharama iko kwingine. Umeme wa ndege ni volti 115 na unacheza mara 400 kwa sekunde, wa kwetu nyumbani ni volti 230 mara 50. Kwaiyo lazima kuwe na kiboksi cha kubadilisha umeme chini ya siti, waya zipite chini ya zulia toka mbele mpaka nyuma, na kontrola moja inayosimamia mzigo wote. Na hiyo kontrola ndo inayowafanya watu walalamike bila kujua, maana mifumo mingi imewekewa kikomo, watu wakishachomeka wengi wale wanaochelewa tundu zao haziwaki. Unakuta we umechomeka kimya, jirani anaona taa ya kijani anakula umeme wake anacheki muvi, unadhani waya wako mbovu. Waya mzima, umechelewa foleni.

Alafu kila kitu hicho lazima kipite kwa mamlaka za usafiri wa anga zithibitishe hakiwaki moto, na kikiharibika anakigusa fundi wa ndege mwenye leseni. Hapa mjini soketi ya ukutani unanunua kwa elfu chache, fundi wa mtaani anakufungia kabla chai haijapoa. Ya kwenye siti ya ndege ni habari nyingine kabisa.

Na uzito. Tuseme kwa mfano tu kwamba vitu vyote hivyo vimeongeza kilo moja kwa kila siti, hizo ni kilo 189, sawa na abiria wawili wanene na mabegi yao ya mkononi, wanaopanda bure kila ruti, kila siku, miaka ishirini. Haya ni mashirika ambayo yameng'oa mpaka mfuko wa nyuma ya siti na siti yenyewe hailali, wanataka ndege itue, imwage watu, ijaze wengine iondoke ndani ya dakika 25. Sasa dakika 25 hizo nani atakaa kuchokonoa tundu la USB lililojaa makombo? Mi nabadilisha sistimu za chaji za simu kila siku, najua binadamu anavyotenda tundu dogo. Anachomeka kwa kinyume, analazimisha, anavuta waya kwa hasira kama anang'oa muhogo. Simu ya mtu mwenyewe anaifanyia hivyo, sembuse siti ya shirika.

Kuna wanaosema basi wauze, soketi ya kulipia, unalipa dola mbili tatu inafunguka. Hii naipita haraka maana naona ni kutafuta ugomvi angani, ukishalipa af tundu bovu unamdai nani, mhudumu ndo huyo huyo anauza maji. Bora hata waweke soketi siti za mbele zile wanazouza ghali, anayetaka anajua anachonunua.

Mpaka hapo nipo upande wa mashirika. Wananichanganya sehemu moja.

Simu imekuwa ndo tiketi. Ryanair hao hao kuanzia tarehe 12 Novemba 2025 wameachana na bodingi pasi za karatasi, unaonyesha kwenye programu yao kwenye simu. Wamesema mtu simu ikimzimikia na alishajisajili kabla, getini watamsaidia, sawa, ila mantiki yake hebu iangalie: umenilazimisha nije na simu yenye chaji, kwenye siti hukunipa umeme, na nikiunganisha ndege ya pili simu hiyo hiyo ndo inahitajika tena. Enzi za Fastjet hapa kwetu, kuanzia Novemba 2012 mpaka walipoacha kuruka Tanzania mwishoni mwa 2018, nakumbuka watu walikuwa na ile karatasi wameiprinti stationari wameikunja mara nne kwenye pochi, hakuna aliyekuwa anaulizia soketi, karatasi haiishi chaji. Kilichobadilika ni mashirika yenyewe kuhamishia kazi yao kwenye betri ya abiria. Kwaiyo mi nasema ukishafanya simu kuwa tiketi basi una deni la umeme mahali fulani, na kwa safari fupi hilo deni unaweza kulilipa chini, getini, ambako soketi ni ya ukutani na fundi ni wa kawaida. Huko Msalato kwenye kiwanja kipya cha ndege cha Dodoma, kama mtu wa mipango anasoma hapa, mkuu, weka tundu chini ya kila kiti cha kusubiria, ni hela ndogo kuliko kulisumbua shirika liweke angani.

Sasa safari ndefu. Dar kwenda Dubai ni saa tano na zaidi, na flydubai, ambalo ni shirika la bei nafuu, linafika Dar. Hapo hesabu inageuka. Saa tano ukiwa na USB ya wati 10 unajaza simu yote na inabaki. Bila USB, mtu anaangalia muvi alizodownload, mtoto anachezea katuni, simu inatafuta netiweki kwa sababu mwenyewe hajaweka hali ya ndege, ukitua betri imekufa na hapo ndo unahitaji kila kitu kwa wakati mmoja: viza iko kwenye simu, hoteli iko kwenye simu, mwenyeji yuko kwenye simu. Kwenye saa tatu kwenda juu naona shirika likikataa kuweka hata USB linabana sana. Na haitaji kuweka lile tundu kubwa la chaja ya laptopu, ambalo kwanza chaja zetu za miguu mitatu zinaning'inia humo zinadondoka kila ndege ikitikisika. USB ndogo nyembamba, ile ya taipu C, inatosha simu na laptopu nyingi za sasa. Southwest ya Marekani, ambao kwa miaka mingi walikuwa ndo mfano wa bei chee duniani, walianza 2023 kupokea 737 mpya zenye USB kwenye kila siti, kubwa na taipu C. JetBlue nao ndege zao nyingi zina umeme kwenye siti. Kwaiyo ile hoja ya haiwezekani kibiashara ishajibiwa, linalobaki ni wingi wa masaa.

Af kuna hili la pawabenki, na hapa ndo nitakaa kidogo maana ndo biashara yangu.

Mpaka juzi juzi jibu la mashirika lilikuwa rahisi, njoo na pawabenki yako. Sasa tarehe 28 Januari 2025 kule Korea Kusini, uwanja wa Gimhae, ndege ya Air Busan ambayo nayo ni shirika la bei chee ilishika moto kabla hata haijaruka, moto ulianzia kwenye kabati la mizigo juu ya siti, watu 176 wakatoka wote hai na ndege ikaungua paa. Wachunguzi wakaelekeza kidole kwenye pawabenki. Betri za lithiamu zikipata hitilafu ndani zinajipasha joto zenyewe, joto linaleta joto, na ikishaanza hivyo kuizima ni kazi. Ikiwa mkononi mwako unaiona inavimba, unasikia inaunguza, unapiga kelele. Ikiwa ndani ya begi ndani ya kabati limefungwa, mnaona moshi wakati ishakolea. Kuanzia Machi mwaka huo Korea wakapiga marufuku kuziweka kwenye makabati ya juu. Singapore Airlines kuanzia Aprili 2025 wakakataza kuzitumia ndani ya ndege. Emirates kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 unabeba moja tu, chini ya wati-saa 100, na huruhusiwi kuchajia simu wala kuichaji yenyewe ukiwa ndani.

Emirates wanaweza kusema hivyo kwa sababu siti zao zina umeme. Mtu kakunyang'anya ndoo lakini kakuonyesha bomba. Ila shirika la bei chee likifuata mkumbo wa kukataza pawabenki na lenyewe soketi halina, hapo sasa abiria wa saa sita wamemfunga mikono yote miwili. Hiki ndo kitu kinachonifanya mimi muuza pawabenki niseme ziwekwe soketi. Na kuna la ziada ambalo muuzaji mwenzangu hatakwambia: soketi ya ndege imepimwa, pawabenki yako nani kaipima?

Mwaka huu nimefungua moja ililetwa na kijana, analalamika anachaji usiku kucha na simu haifiki hata nusu. Nje imeandikwa 30000 mAh kwa herufi za dhahabu. Nimeingiza bisibisi pembeni, kifuniko kikaruka, ndani kuna betri moja ndogo ya mviringo imegundishwa kwa gundi, na pembeni yake pakiti mbili za nailoni zimejazwa mchanga. Mchanga kabisa, kama wa Mto Mkondoa. Uzito wa kudanganyia mkono. Bodi ya kuzuia isizidishe chaji hakuna, waya mwekundu na mweusi umelehemewa moja kwa moja, risasi ya lehemu imemwagika mpaka kwenye betri. Kijana anaikodolea macho ananiuliza "bro, hii nimepanda nayo ndege?" Nikamwambia ndio, na umeilalia.

Kwaiyo kama utaamua kwenda na pawabenki, hesabu iko hivi na ni rahisi. Zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1000, unapata wati-saa. 10000 ni 37. 20000 ni 74, hii inapita vizuri. 27000 ndo unagusa 100, mpaka hapo mashirika mengi hayana shida. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika. Ile tofali ya 50000 aliyoitaka mama ni 185, haipandi kabisa, iwe ya kweli au ya mchanga. Na ikiwa haijaandikwa chochote, mkaguzi ana haki ya kuibakiza, mnyonge hapo ni wewe. Begi la chini ni marufuku kwa ukubwa wowote, hili watu wa Kariakoo wanalisahau kila siku. Kaa nayo mfukoni au mfuko wa mbele yako, usiitumbukize kwenye begi la juu hata kama shirika halijakataza.

Ukija kwangu unaniuliza uchague nini, nitakuuliza masaa. Dodoma–Dar, Dar–Mwanza, Dar–Zanzibar, chaji nyumbani, washa hali ya ndege kabla hujaambiwa, andika namba mbili muhimu kwenye karatasi na weka elfu kumi taslimu kwenye soksi, basi. Kama tiketi mbili zinatofautiana bei kwa sababu moja ina USB, chukua ya rahisi, tofauti kanywe nayo juisi ya zabibu. Kuanzia saa tatu, hasa kama unashukia nchi ngeni au unaunganisha ndege, soketi ina thamani ya kweli. Mimi binafsi ningeongeza mpaka elfu ishirini hivi kwa ajili yake, zaidi ya hapo nabeba pawabenki ya 10000 ya maana kama shirika linaruhusu kuitumia. Angalia aina ya ndege kwenye tiketi maana shirika moja linaweza kuwa na ndege za zamani hazina na mpya zinazo, na hata ikiandikwa ipo, panda ukiwa umejaa, soketi ichukulie kama lifti, ikipatikana sawa.

Mwenye mtoto mdogo na mwenye dawa anazofuatilia kwa mashine au simu, hao siwabishii, walipe.

Yule mama nilimuuzia pawabenki ya 10000 imeandikwa Wh zake vizuri pembeni, na waya wa taipu C pande zote mbili, wa mita moja na nusu, nikamwambia tiketi yako hii kwenye siti kutakuwa na USB, mama we nenda kwa amani. Nikajiona mtaalamu kweli.

Juzi karudi. Mzigo umefika salama, ananisimulia Deira, ananisimulia joto la kule, af anatoa ule waya kwenye pochi bado umefungwa na kile kinyuzi chake. Siti ilikuwa na USB kweli, ila ile kubwa ya zamani, bapa. Waya wangu haukuingia. Pawabenki walitangaza msiitumie, akaiacha kwenye pochi kama alivyoambiwa. Kakaa saa tano na nusu anaangalia tundu lenye umeme, mkononi ana waya mpya. "Mwanangu, we si ulisema unajua?"

Nimembadilishia bure, nimempa ule wenye vichwa viwili upande mmoja, kikubwa na taipu C. Na sasaivi mtu akija anasema anasafiri na ndege simpi mwingine zaidi ya huo, nimeagiza pisi arobaini.